Miwani ya skrini kwa gemu na video: mwongozo kamili wa kununua ukiwa Unguja au Pemba

Kila baada ya wiki mbili tatu hukaa mtu mbele ya meza yangu ya simu hapa Mlandege, akatoa kifuko cheusi, akaniambia: "Fundi, miwani hii mbovu." Naichomeka kwenye simu yangu, inawaka. Si mbovu. Simu yake ndiyo haitoi picha.

Wa mwisho alikuwa kijana kutoka Wete. Miwani kaletewa na ami yake kutoka Muscat, na pesa alizichanga mwenyewe kidogo kidogo. Aliivaa, akaivua, akafuta lenzi kwa pindo la shati, akaivaa tena. Alidhani giza lile ni vumbi. Nilisikia uchungu, maana jambo lililomkwamisha lingejulikana kwa dakika tano kabla ya senti moja kutoka.

Basi nimeupanga mwongozo huu hivi: vipimo kwanza, pesa mwisho. Usiruke hatua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kununua

- Kifaa chenyewe utakachokitumia na miwani. Kiwe mkononi, usitegemee jina lake tu.
- Adapta ndogo ya Type-C kwenda HDMI pamoja na waya wa HDMI. Ya kuazima inatosha.
- Televisheni yoyote yenye tundu la HDMI.
- Rula ya skuli yenye milimita.
- Karatasi ya vipimo vya macho, kama unavaa miwani ya kuonea.
- Bajeti ya mafungu mawili: la miwani, na la vitu vya pembeni kama adapta, pawabenki na pedi ya gemu. Anayemaliza fungu lote kwenye miwani hukwama siku ya kwanza.

## Hatua ya 1: Hakikisha unatafuta kitu sahihi

Sokoni vitu vinne tofauti huitwa "miwani ya kisasa".

Kuna kofia za VR kama Meta Quest, zinazofunika macho yote na zenye kompyuta na betri ndani. Kuna miwani yenye kamera na spika, kama Ray-Ban Meta za kawaida, ambazo hazina skrini kabisa. Kuna maboksi ya plastiki ya kutumbukiza simu mbele ya macho, ya bei rahisi. Na kuna miwani ya skrini yenyewe: XREAL, VITURE, Rokid, RayNeo na wenzao.

Hii ya mwisho ndiyo tunayoizungumza. Ndani yake mna vioo viwili vidogo vya OLED, kila jicho na chake, vingi vikiwa vya nukta 1920 kwa 1080. Picha hupigwa kwenye kioo kilichoinama kisha ikarudi machoni. Uzito wake ni gramu 70 mpaka 90 hivi. Kwa kawaida miwani ya aina hii haina betri, haina memori na haina WiFi. Ichukulie kuwa ni televisheni ya kuvaa usoni: picha na umeme vyote vinatoka kwenye kifaa ulichoichomekea.

Ukilielewa hilo, utajua kwa nini hatua inayofuata ndiyo ndefu kuliko zote.

## Hatua ya 2: Pima tundu la simu yako

Tundu la Type-C lina umbo moja duniani kote, lakini kazi zake hazifanani. Simu nyingine tundu lake linapitisha chaji na mafaili tu. Nyingine linapitisha na picha, kwa mfumo uitwao DisplayPort. Ukitazama kwa macho huoni tofauti. Hapo ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu waya unaingia vizuri, unabana, na simu pengine inaonyesha alama ya kuwa kuna kitu kimechomekwa.

Simu zinazotoa picha: Samsung za mfululizo wa S kuanzia Galaxy S8, iPhone 15 na zilizofuata, na Google Pixel 8 na zilizofuata.

Simu za kuzitilia shaka: Samsung karibu zote za mfululizo wa A, na Tecno, Infinix, itel na Redmi zilizo nyingi mikononi mwetu. Hizi ni simu nzuri kwa kazi zake, ila tundu lao halikutengenezwa kwa picha. iPhone 14 kurudi nyuma zina tundu la Lightning, kwa hiyo zinahitaji adapta yake ya kwenda HDMI, kisha nyingine ya kutoka HDMI kwenda kwenye miwani.

Usiishie kwenye orodha yangu. Jaribu hivi:

1. Chomeka adapta ya Type-C kwenda HDMI kwenye simu yako.
2. Unganisha adapta na televisheni kwa waya wa HDMI.
3. Iweke televisheni kwenye HDMI ile ile uliyochomeka.
4. Subiri sekunde kumi. Kwenye Samsung, vuta taarifa za juu uone kama inakuuliza kuhusu DeX (hali ya Samsung ya kuifanya simu ionekane kama kompyuta) au kuakisi skrini.

Ukifaulu: skrini ya simu inatokea kwenye televisheni bila kuweka programu yoyote. Simu hiyo itaiwasha miwani.

Ukifeli: televisheni inasema hakuna mawimbi. Jaribu adapta hiyo hiyo kwa simu ya mtu yenye uwezo. Ikifanya kazi huko, basi tatizo ni simu yako, na hakuna programu wala "setingi ya siri" itakayolifungulia tundu hilo mlango. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakilipa pesa ili simu zao "zifunguliwe". Pesa zikaenda, tundu likabaki vile vile.

Tahadhari: zipo adapta za aina ya DisplayLink zinazokutaka uweke programu kwanza. Hizo zinaweza kuonyesha picha kwenye televisheni hata kama tundu halina uwezo wa DisplayPort. Kwa hiyo tumia adapta ya kawaida isiyodai programu, la sivyo jaribio litakudanganya.

Simu ikifeli, una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kununua Galaxy S iliyotumika, maana zinazokuja kutoka Dubai hazikosekani Darajani. Ipime kwa adapta yako pale pale dukani, ukiwa mbele ya muuzaji. Ya pili ni kununua kifaa cha pembeni kinachoendesha programu chenyewe, kama XREAL Beam Pro, ambacho ni Android iliyotengenezwa kwa ajili ya miwani. Mimi ningechukua Galaxy S, kwa sababu mchana inabaki kuwa simu yako ya kazi. Yule kijana wa Wete alifanya hivyo.

## Hatua ya 3: Pima macho

Pima umbali wa katikati ya mboni na mboni. Kaa ukitazama kitu cha mbali, tuseme mnazi ulio ng'ambo ya pili, si uso wa anayekupima. Mwenzako aweke rula kwenye paji lako juu ya nyusi, asome kutoka katikati ya mboni moja hadi ya pili. Rudieni mara tatu. Ukimtazama yeye kwa karibu, mboni husogeleana na kipimo kinapungua.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu miwani mingi imepangiwa macho ya wastani, yanayoachana kama milimita 63. Mwenye macho yaliyoachana zaidi au yaliyokaribiana zaidi ya hapo huona pembe moja ya picha ikififia. XREAL One Pro inauzwa kwa saizi mbili kwa sababu hiyo hiyo: ya milimita 57 hadi 66, na ya 66 hadi 75. Ukiagiza saizi isiyo yako, hakuna cha kurekebisha.

Sasa namba za macho. Kama huoni mbali, yaani karatasi yako ina alama ya kutoa, Rokid Max ina vigurudumu vya kurekebisha hadi -6.00 kwa kila jicho, na VITURE Pro hadi -5.00. XREAL haina vigurudumu. Inatumia lenzi za ziada unazozipachika ndani, unazoweza kukatiwa na fundi wa miwani kwa vipimo vyako. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho lisilo duara sawasawa, asitegemee vigurudumu, kwa sababu haviigusi. Huyo akate lenzi.

Na wazee wetu wanaovaa miwani ya kusomea peke yake wasiogope. Ingawa kioo kiko sentimita chache kutoka jichoni, picha imetengenezwa ionekane kama iko mita kadhaa mbele. Mara nyingi wao huiona safi bila lenzi yoyote.

## Hatua ya 4: Soma boksi kwa akili

Maboksi hupenda kuandika "skrini ya inchi 130 kwa umbali wa mita 4". Gawanya namba zote mbili kwa nne. Utapata inchi 32 na kitu, kwa mita 1. Kwa hiyo utakachokiona ni sawa na televisheni ya inchi 32 ukiwa umekaa mita moja mbele yake. Ni kubwa na inaridhisha, lakini haifiki ukubwa wa ukuta wa sinema. Nawaambia watu hili mapema ili wasije wakavunjika moyo.

Namba ya kulinganishia ni pembe ya kuona, kwa digrii. XREAL Air 2 ina 46, Rokid Max na XREAL One zina 50, One Pro ina 57. Kwa gemu zenye ramani kwenye kona, kama PUBG, 46 mpaka 50 inatosha kabisa, kwa kuwa jicho linaifikia kona bila kuzunguka sana.

Angalia pia jinsi inavyozuia mwanga wa nje. Aina nyingine, kama XREAL Air 2 Pro, XREAL One na VITURE Pro, zina kitufe cha kutia giza kioo cha mbele. Nyingine zinakuja na kifuniko cha plastiki tu. Mwanga wetu ni mkali. Barazani saa sita mchana picha hufifia hata kwenye miwani ya bei kubwa, basi panga kuitumia ndani.

Jambo la mwisho ni kutulia kwa skrini. XREAL One ina uwezo wa kuifanya skrini ibaki mahali pamoja hata ukigeuza kichwa. Air na Air 2 zenyewe hazina hilo, skrini inakwenda na uso wako. Kwa anayelala chali akicheza eFootball haina shida. Kwa anayesoma au kufanya kazi, inachosha.

Kuhusu hezi 90 au 120, yaani mara ngapi picha hubadilika kwa sekunde, usiongeze pesa kwa ajili yake kama unatazama mpira na filamu.

## Hatua ya 5: Waya na adapta kwa kila kifaa

Baada ya simu, kosa la pili kwa wingi ni hili. Chora mshale kwenye karatasi: picha inatoka wapi, inakwenda wapi. Kisha nunua kinachofuata mshale huo.

Simu yenye DisplayPort, kompyuta nyingi za kisasa zenye Type-C, na mashine za gemu za mkononi kama Steam Deck na ROG Ally: chomeka waya uliokuja na miwani, basi. Usiubadilishe kwa waya wa chaja. Waya mwingi wa chaja hauna nyuzi za kupitisha picha, na utadhani miwani imekufa.

PS4, PS5 na Xbox: hizi zinatoa picha kwa HDMI, na miwani inapokea kwa Type-C. Unahitaji adapta ya kutoka HDMI kwenda Type-C, yenye sehemu ya kupokea umeme. Adapta uliyotumia kwenye hatua ya 2 ni ya upande wa pili, na haifanyi kazi kinyumenyume. Nimeshikishwa adapta za namna hiyo nyingi mno, zote mpya, zote hazina faida kwa mwenyewe. Dukani uliza neno kwa neno: "Upande wa HDMI ndio unaoingiza picha?" Muuzaji akisita, acha.

Kwa nini umeme? HDMI haitoi nguvu ya kutosha kuwasha miwani. Adapta isiyo na tundu la chaji wala betri yake haitakusaidia.

Picha ikigoma kwenye PS5 ingawa adapta ni sahihi, ingia kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya HDMI, uzime HDCP, yaani kinga ya kuzuia picha kunakiliwa. Gemu zitaonekana. Programu za filamu hazitacheza HDCP ikiwa imezimwa, kwa hiyo ukumbuke kuiwasha baadaye.

Nintendo Switch ya kwanza: inahitaji doki yake au kifaa maalumu cha pembeni. Switch Lite haitoi picha nje kabisa. Usijaribu.

Pedi ya Bluetooth ni lazima kwa anayecheza kwenye simu. Ukishavaa miwani huvioni vidole vyako juu ya kioo cha simu.

## Hatua ya 6: Kununua

Bei za miwani ya kweli ni mamia ya dola. XREAL One ilipotoka iliuzwa dola 499 Marekani. Ukiona "miwani ya sinema" kwa bei ya kava za simu, hiyo ni ile ya plastiki ya kutumbukiza simu.

Wengi wetu tunanunua kupitia ndugu walioko Dubai au Muscat, au Kariakoo, au kwa kuagiza mtandaoni na kumkabidhi wakala wa mizigo. Mimi naipendelea njia ya ndugu, kwa sharti kwamba ndugu ajaribu kule kule, kwa kuwa dhamana mara nyingi inafanya kazi nchi ilikonunuliwa. Mwandikie ujumbe ulio wazi:

"Shikamoo ami. Naomba uninunulie Rokid Max, mpya, yenye boksi. Kabla ya kulipa, waombe wakuchomekee kwenye simu ya dukani uone picha kwa macho yote mawili. Risiti iandikwe bei ya kweli na namba ya miwani. Tafadhali aliye safarini aiweke kwenye begi la mkononi, asiiweke kwenye mzigo wa chini. Kama hawakubali kujaribu, usinunue, ami. Tutatafuta duka jengine."

Usione haya kumtumia mkubwa maneno kama hayo. Anafurahi zaidi kuleta kitu kizima. Risiti ya kweli inamsaidia pia mbele ya maofisa wa forodha, maana asiye na risiti hukadiriwa.

Kwa wakala wa mizigo, uliza kabla: bei yake inajumuisha ushuru au bado? Na mzigo unaishia Dar es Salaam au unafika Unguja? Walioko Chake Chake na Wete waulize na gharama ya boti.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla muuzaji hajaondoka

1. Chomeka, subiri picha. Fungua picha nyeupe tupu. Fumba jicho moja, kisha jengine. Tafuta nukta nyeusi zisizosogea na vivuli vya maandishi ya zamani. Vivuli hivyo vina maana kuwa kioo kimeungua kwa matumizi, dalili kubwa kwa miwani iliyotumika.
2. Fungua picha nyeusi tupu. Tafuta nukta zinazong'aa. Vivuli hivyo vina maana kuwa kioo kimeungua kwa matumizi, dalili kubwa kwa miwani iliyotumika.
3. Tikisa waya taratibu karibu na mkono wa miwani. Picha ikikatika, tundu limelegea. Usichukue.
4. Cheza video dakika kumi. Joto kidogo juu ya nyusi ni kawaida. Picha kuzimika si kawaida.
5. Jaribu vidaraja vya pua vyote vilivyomo kwenye boksi, kimoja kimoja. Kisha rekebisha mwinamo wa mikono kama miwani yako inaruhusu.

Ukifaulu: kwa simu iliyolala, unasoma saa kwenye kona moja na asilimia ya chaji kwenye kona nyingine bila kusogeza miwani. Kona moja ikiwa ukungu, kwanza badilisha kidaraja cha pua. Usikimbilie kusema lenzi mbovu.

## Hatua ya 8: Matumizi ya kila siku

Miwani inakula chaji ya simu, na simu inapata joto. Adapta ya kugawa, inayopitisha picha na chaji pamoja, ni ununuzi wa busara kwa anayetazama mechi nzima. Vua kava ya simu unapocheza. Umeme ukikatika, mwenye simu na pawabenki anaendelea, wa PS anasubiri.

Kwenye boti ya Unguja na Pemba, zima hali ya skrini kutulia. Miwani inapima mzunguko, na boti ikigeuka inadhani ni kichwa chako kimegeuka, hapo skrini inahama polepole mpaka inakupotea. Tumia hali ya skrini kufuata uso. Na bahari ikichafuka, ivue. Tumbo halitakusamehe.

Usiivae ukiwa juu ya bodaboda, hata kama wewe ni abiria.

## Hatua ya 9: Kuitunza kwenye hewa yetu

Chumvi na unyevu vinaingia polepole. Kila baada ya kutumia, futa jasho kwenye vidaraja vya pua na mikono kwa kitambaa kikavu, kisha lenzi kwa kitambaa chake laini. Pindo la shati lina chembe za mchanga zinazokwaruza. Usipulize maji wala spiriti juu ya lenzi.

Wakati wa masika tia vipakiti viwili vitatu vya kukausha unyevu ndani ya kifuko, vile vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe kila mwezi. Kuvu ikishaota ndani ya kioo haifutiki kwa kitambaa. Chomoa waya kabla ya kukunja miwani, na usiiache dirishani penye jua wala ndani ya gari lililofungwa.